Livu si ya Matanga Peke Yake: Twendeni Elgon

Ndugu wafanyakazi wa Busia na Malaba,

Mfanyakazi wa hapa kwetu akisema amechukua livu, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Kwani mmefiwa na nani?" Ikiwa hakufiwa, basi anauguza mtu, au anakwenda nyumbani kulima, au anahangaikia karo ya watoto. Kama hakuna hata moja katika hayo, watu humtazama kwa shaka, kana kwamba amefukuzwa kazi naye anaficha. Hivyo ndivyo tulivyo. Kufanya kazi twajua, na kuzika twajua. Kupumzika hatujui.

Mimi natoa shauri. Chama chetu kianze safari ya livu ya kutembea kwa miguu katika Mlima Elgon, kila mwaka, wakati wa kiangazi cha Januari na Februari. Najua wako watakaocheka. Nawaomba wasome mpaka mwisho, ndipo wacheke.

LIVU NI MALI YA MFANYAKAZI

Kwanza tuelewane juu ya sheria, maana wenzetu wengi wadhani livu ni zawadi ya tajiri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yasema kwamba mfanyakazi akitimiza miezi 12 mfululizo apewe livu ya siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Zisizopungua, ndugu. Chama kikipatana na mwajiri ziwe zaidi, zitakuwa zaidi. Kazi ikikatika baada ya miezi 2 au zaidi, hesabu yako ni siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliofanya.

Tena, livu ikigawanywa vipande kwa makubaliano, kipande kimoja sharti kiwe cha majuma 2 ya kazi bila kukatizwa, isipokuwa pande zote mbili zimepatana vingine. Neno hili lina maana kubwa. Mtu hapumziki kwa siku mbili mbili. Siku ya kwanza mwili bado uko kazini, na siku ya pili moyo umekwisha kurudi huko.

Na vibarua je? Wapagazi wa maghala yetu huambiwa kila asubuhi kwamba wao ni watu wa leo tu. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zikatimia mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi 3, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Basi mtu aliyepakia malori ya ghala moja miaka mitano mfululizo si kibarua, hata wakimwita hivyo. Livu yake ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsaidia kuidai, na hiyo ndiyo kazi ya chama.

Lakini hata sisi tulio na livu, twaifanyia nini? Wengi twaiuza. Karani anaambiwa, "Kazi ni nyingi mwezi huu, chukua pesa badala ya siku." Naye huchukua, kwa kuwa deni limesimama mlangoni. Simlaumu. Lakini pesa hizo huisha kabla ya mwezi kwisha, na uchovu hubaki. Mwenye lori haliachi lori lake litembee mwaka mzima bila kulipeleka gereji, maana ajua likivunjika njiani atapata hasara kubwa zaidi. Dereva wa lori hilo je, nani ampelekaye gereji?

WENGINE WALIIPATAJE, NA WALIKWENDA WAPI

Livu yenye mshahara haikuanguka kutoka mbinguni. Ilipiganiwa na wafanyakazi kama sisi. Huko Ufaransa, mwezi wa Mei na Juni 1936, wafanyakazi walifanya migomo mikubwa na kukaa ndani ya viwanda vyao. Mwezi huo wa Juni ikapitishwa sheria ya livu ya majuma 2 yenye mshahara. Mwaka huo huo Shirika la Kazi la Kimataifa likapitisha mkataba wake wa kwanza juu ya livu yenye mshahara, angalau siku 6 za kazi kwa mwaka. Mwaka 1948 Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likaandika, katika kifungu cha 24, kwamba kupumzika ni haki ya kila mtu.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Wafaransa wale walipopata siku zao, wengi walipanda baiskeli na magari moshi wakaenda baharini na milimani. Watu waliokaa maisha yao yote katika moshi wa viwanda waliona mlima kwa mara ya kwanza. Sisi watu wa Busia tusiwashangae hao wa baiskeli. Boda boda ilianzia mpaka huu wetu, kwa baiskeli za kuvusha watu na mizigo yao.

Kabla ya hao walikuwako wafanyakazi wa mji wa Vienna, Austria. Mwaka 1895 waliunda chama cha watembeaji kiitwacho Naturfreunde, maana yake Marafiki wa Asili. Wakati huo milima ilikuwa ya mabwana wenye pesa za kulala hotelini. Wafanyakazi wale wakachangishana senti zao na kujenga nyumba za kulala huko juu, ili fundi na karani naye apate mahali pa kulaza kichwa. Chama hicho kipo hata leo, na kimeenea nchi nyingi.

Na Uingereza? Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi na watu wasio na kazi kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima uitwao Kinder Scout bila ruhusa. Kwao Aprili ni majira ya kuchipua. Baridi kali imekwisha, majani mapya yanatoka, na mtu aliyefungiwa kiwandani tangu mwaka uanze anatamani kunyosha miguu. Lakini nyanda zile za juu zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya matajiri wachache waliowinda ndege huko. Walinzi wakawazuia, wakapigana nao, na vijana watano wakatiwa gerezani, akiwemo Benny Rothman, fundi wa magari aliyekuwa kiongozi wao. Hawakufungwa bure. Mwaka 1949 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na njia za watembeaji, na mwaka 1951 sehemu ile ikawa ndani ya hifadhi ya kwanza ya nchi hiyo.

Wale walifungwa jela kwa kutaka kutembea mlimani siku ya mapumziko yao. Sisi mlima uko wazi, nasi hatuendi.

MLIMA ULIO MBELE YA MACHO YETU

Asubuhi ya anga safi, simama Malaba utazame upande wa kaskazini mashariki. Ule uliolala kama ng'ombe mkubwa ndio Elgon. Mto unaopita hapo Malaba mpakani umetoka huko huko, ukiitwa Lwakhakha juu na Malaba huku chini. Kila siku twavuka maji yake bila kuuliza yametoka wapi.

Elgon ni mlima wa moto uliozimika zamani sana. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda, nacho chafika mita 4,321. Upande wetu wa Kenya uko Koitobos, wa mita 4,222. Huko juu kuna shimo kubwa la mdomo wa zamani wa moto, upana wake kiasi cha kilomita 8, na ndani yake zimo chemchemi za maji ya moto. Hifadhi ya taifa ya upande wa Kenya ilitangazwa mwaka 1968.

Mtu akipanda kutoka mashamba ya mahindi ataingia kwanza katika msitu wa miti mikubwa, mierezi na mipodo, ambamo mbega weupe kwa weusi huruka juu kwa juu. Halafu mianzi. Baada ya mianzi miti hupungua, na mtu hutokea katika uwanda wa nyasi na vichaka vya baridi. Huko iko mimea ambayo huku chini hatuijui kabisa: milobelia iliyosimama kama nguzo, na mimea minene yenye kichwa cha majani kama kabichi iliyowekwa juu ya gogo, mirefu kupita mtu. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Kutoka Busia, iliyo kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, mpaka Koitobos, umeacha digrii 18 nyuma yako. Mtu wa Burumba aliyezoea kulala bila blanketi atapiga meno usiku huo.

Tena kuna mapango. Kitum laingia ndani ya mlima karibu mita 200, na ndovu huingia humo usiku, gizani, wakipapasa kwa mikonga yao, ili kukwangua ukuta kwa pembe na kulamba chumvi. Hapa natoa onyo la kweli. Wageni wawili waliotembelea pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walipatwa na homa ya Marburg wakafa. Ugonjwa huo hukaa katika popo wa mapangoni. Basi tutazame tukiwa mlangoni, tuwasikilize askari wa hifadhi, wala mtu asiguse popo au kinyesi chake.

Kwetu hakuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Tuna masika, ambapo nyasi huota upya baada ya mvua ya Machi. Ni wakati mzuri kwa jembe, lakini mlimani njia huteleza na mawingu hufunika kila kitu. Wakati wetu wa kutembea ni kiangazi, tangu Desemba mpaka mwanzo wa Machi. Desemba kila mtu yuko kwao kwa sikukuu. Mwanzo wa Januari ni karo. Kwa hiyo naona tuchague mwisho wa Januari na sehemu ya kwanza ya Februari, kabla jembe halijaanza kutuita.

WATAKAOPINGA

Wa kwanza atasema, "Kupanda mlima ni mambo ya wazungu." Ndugu, mlima huu Wabukusu na Wagisu waliuita Masaba kabla ya mzungu wa kwanza kuuona. Wasabaoti wako humo, na Waogiek wa Chepkitale waliishi juu kabisa na ng'ombe wao na mizinga yao ya nyuki. Miaka ya 1970, wakati wa magendo ya kahawa ya Uganda, watu walivusha magunia kwa njia za Elgon mpaka soko la Chepkube. Wazee wetu waliutembea mlima kwa kuhama, kwa biashara, kwa kukimbia vita. Sisi tutautembea kwa raha, na hilo ndilo jipya.

Wa pili atasema, "Mimi natembea kutwa nzima nimebeba gunia, utaniambia nikatembee tena?" Ndugu mpagazi, neno lako lina nguvu. Lakini kutembea kwako kunapimwa na msimamizi. Hatua zako zinahesabiwa, mzigo si wako, na huwezi kusimama utazame kitu. Mlimani unasimama utakapo. Wala wengi wetu hatutembei. Karani amekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mpaka usiku, maana tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipofunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018, mizigo hutazamiwa kupita upesi, na simu ya karani hailali. Dereva na taniboi wake hukaa ndani ya kabini siku nyingi, miguu ikivimba. Hao wanahitaji njia ya kupanda kuliko wanavyohitaji kiti kingine cha baa.

Wa tatu atasema, "Huko kuna hatari." Ni kweli kwamba kati ya mwaka 2006 na 2008 damu ilimwagika katika mlima huo kwa ajili ya ardhi. Wananchi waliuawa na kuteswa, kwanza na wanamgambo, halafu katika operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008. Tusilisahau jambo hilo. Tukienda, tuende kwa heshima, tukijua kwamba tunapita katika nchi ya watu walioumia. Tununue maziwa yao na viazi vyao, na waongozaji wetu wawe vijana wa huko. Ndani ya hifadhi kuna nyati na ndovu, basi hatutembei bila askari wa hifadhi.

Wa nne hatasema kitu, nami nataka kumsemea. Ni dada yetu. Yeye akichukua livu, nyumba yote yamngojea: nguo, shamba, wagonjwa, wageni. Livu yake ni zamu ya pili bila mshahara. Mwanamume akirudi kutoka livu amenenepa kidogo, na dada amekonda. Kama safari hii itakuwa ya wanaume peke yao, basi isiwepo. Mume anayepiga makofi mkutanoni abaki nyumbani siku nne na watoto, na mkewe apande mlima.

Wa tano atasema, "Pesa iko wapi?" Huyu ndiye wa kujibiwa kwa hesabu, si kwa maneno matamu.

SHAURI LENYEWE

Nataka mkutano mkuu wa tawi uzungumze mambo haya matano.

1. Mfuko wa safari. Kila anayetaka atoe kidogo kila mwezi kwa muda wa mwaka mzima, mweka hazina aandike, na kitabu kisomwe mbele ya wote kila robo mwaka. Mfuko ununue mahema, sufuria na blanketi nzito ambazo ni mali ya chama. Watu wa Vienna walianza na senti, nasi tuna simu za kutumiana senti hizo.

2. Orodha ya livu. Viongozi wetu wadai kila mwajiri aandike orodha ya livu kabla ya mwaka kuanza, ili watu wapeane zamu na kazi isisimame. Mtu asiambiwe leo kwamba livu yake yaanza kesho, katikati ya mvua, kwa sababu mizigo imepungua.

3. Njia. Kutoka Busia kwa matatu mpaka Bungoma, halafu Kitale, halafu Endebess, na hapo lango la Chorlim si mbali. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje, nayo hulipwa kwa simu kabla ya kufika, si kwa pesa taslimu. Siku ya kwanza tulale chini, siku ya pili tutembee msituni na kwenye mapango, siku ya tatu wenye nguvu wapande uwandani wa juu. Mtu akipanda haraka kupita kiasi kichwa humuuma na tumbo humchafuka. Dawa yake ni kuteremka, si kujikaza kiume.

4. Mazoezi. Sheria yatoa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Tuanze na siku hizo. Watu wa Malaba wako karibu na Kakapel, penye michoro ya watu wa kale juu ya mwamba, nao wengi hawajaiona. Ng'ambo uko mwamba wa Tororo, mita 1,483, ambao mtu huupanda na kurudi kabla ya jua kutua. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya huweza kuvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Tuwaalike wenzetu wafanyakazi wa upande wa pili watutangulie kupanda, maana mwamba ni wao.

5. Vibarua. Kabla ya safari ya kwanza, chama kiandike majina ya wapagazi wote waliopita miezi 3 katika ghala moja, na kudai livu yao. Safari ya makarani peke yao itakuwa safari ya mabwana wadogo.

Ndugu, najua kwamba mtu mwenye njaa hali mandhari. Mshahara bado ni jambo la kwanza, na chama kisiache kuupigania hata siku moja. Lakini livu ni sehemu ya mshahara huo. Ilipatikana kwa migomo, na siku tunayoiuza kwa bei ya deni la duka tunampa tajiri kitu ambacho wenzetu waliteseka kukipata. Tena watoto wetu wanatutazama. Wakituona tunapumzika pale tu tunapougua au kufiwa, watadhani hayo ndiyo maisha ya mfanyakazi.

Mwenye kukubali shauri hili na mwenye kulipinga, wote waje mkutanoni. Aliyeko livu siku hiyo naye aje, atueleze ameifanyia nini.